Mikono Iliyochelewa

Tangu asubuhi Redio alikuwa hakai hatulii. Kengele ya chakula ilipolia katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kantini, aproni ingali inamchuruzika maji. Leo chama kilikuwa kinapiga kura: wafuaji wapate mwakilishi wao kwenye kamati au wasipate, na mwakilishi mwenyewe ni yeye!

Wafuaji karibu wote walikuwa wageni, na lugha ya mikutano ilikuwa bado inawapiga chenga. Ndiyo maana Redio akapewa jina hilo. Kila mkutano alisimama nyuma kabisa, uso kwa wenzake, mgongo kwa meza kuu, akitafsiri bila kumeza mate. Kazi ya bure, koo lake mwenyewe.

Wapiga pasi hawakuwa na hamu na wafuaji. "Hao kazi yao kupinga tu," walilalama. "Mgomo wa kudai glavu walipinga, kura ya feni wakapinga!" Redio aliumia sana, maana wenzake walimwapia kwamba walikubali. Sasa nani mwongo?

Leo mwenyekiti alimwita mbele. "Leo wewe ni mgombea, dada, tafsiri ukiwa hapahapa watu wakuone."

Kisha akauliza, "Wanaokubali?"

Mikono michache ya wapiga pasi ikainuka. Redio akaanza kutafsiri. Mwenyekiti naye, na haraka zake za nusu saa ya chakula, akahesabu chapuchapu na kuendelea: "Wanaopinga?"

Hapo ndipo mikono ya wafuaji ilipopaa, yote, hadi ya bibi wa mashine ya tatu aliyenyoosha miwili.

Kantini nzima ikaangua kicheko. "Hata mtu wao hawamtaki!"

Redio aliona kwa macho yake, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, mikono ya ndiyo ikihesabiwa kuwa hapana. Akapiga meza vikombe vikacheza.

"Mwenyekiti, hao wanakubali! Wanajibu swali lako la kwanza, ndiyo kwanza nimemaliza kulitafsiri!"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akamkodolea macho. "Na ile kura ya glavu?"

"Walikubali, kaka. Na ya feni. Zote walikubali!"

Mpiga pasi mmoja, mikono imejaa makovu ya mvuke, akawageukia wenzake. "Jamani," akasema, "miaka minne tunawatukana watu waliokuwa upande wetu."

"Turudie," mwenyekiti akasema, sauti imemshuka. "Safari hii anza na lugha yao."

Redio akauliza. Kabla hajafunga mdomo, mikono ya wafuaji ilikuwa juu, na shangwe juu yake. Wapiga pasi hawakuambulia hata neno. Wakabaki wanamtazama mdomo, mikono mapajani, wakisubiri kuambiwa.

Akawangojesha kidogo, tena kwa raha zake, halafu akawatafsiria. Mwenyekiti hakuanza kuhesabu mpaka wa mwisho wao alipoinua mkono.