Vidonge vya Mjane

Alawiya alivuta mtoto wa meza mara ya tatu, akapapasa chini ya leso. Vidonge havimo. Jamani, jana si alimeza cha nne hapa hapa?

Wala havikuwa vya kuchezea. Dripu tatu alizokwisha tiwa hospitalini zilimmaliza nywele, na uvimbe wa ziwa ukabaki pale pale. Ugonjwa ulishaizoea dawa, ukaidharau. Sasa daktari alitaka kuutangulizia homoni: kidonge kila siku, siku saba mfululizo, ndipo dripu ya nne. Huenda chembe sugu za ugonjwa zikalegea, huenda zisilegee. "Lakini ukikatiza," alimwonya, "dripu haitakuwa na maana."

Siri hiyo aliijua marehemu mumewe, na sasa kabaki Akil tu, ndugu yake Alawiya. Alawiya alikuwa ndani ya eda ya kufiwa na mume, mwezi wa pili, na nyumba yao ya mtaani Ndia Kuu haikauki wageni. Akienda hospitali, waliambiwa ni presha. Angetaja saratani, wangeanza kumlilia na yeye.

"Wifi!" aliita. "Nani kaingia chumbani mwangu?"

Malak, dada wa marehemu, alikuja kajishika kiuno. "Mimi. Na hivyo unavyotafuta nimevitia chooni, nikamwaga maji."

"Umefanya nini?"

"Karatasi ya dawa nimeisoma. Homoni! Vidonge vya kuzuia mimba, ndani ya eda ya kaka yangu! Nimekusitiri, Alawiya. Mwengine angekutangaza."

Kusitiri! Damu ilimpanda kichwani. Wiki mbili nzima vilingojwa kutoka Nairobi, na dripu ni Jumatatu. Mtu haulizi, habishi hodi, kazi kuhukumu tu! Alifungua vifungo vya gauni, akaukamata mkono wa wifi yake, akaubandika juu ya lile donge gumu.

Malak akalipapasa, kisha akauchopoa mkono.

"Ya Rabbi! Tangu lini?"

"Tangu kaka yako yu hai."

"Mbona hukunambia?"

Malak akaketi sakafuni, akaangua kilio. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele ukumbini wakaja mbio, wakamzunguka. Mmoja alimpepea kwa ushungi. Mwengine alimgeukia Alawiya kwa ukali: "Nawe wasimama tu? Mletee mwenzio maji!"

Alawiya akafunga vifungo, akaenda kuleta maji.