Mpira Ulioiva

Mwaka wa pili wa vita, baridi ya Lancashire ilikuwa ya kutia ganzi hadi ulimi, na mpira mbichi ulikakamaa kama ubao. Ndipo Ivy Entwistle alipowafundisha wenzake kiwandani kuulaza juu ya bomba la mvuke ulainike, kabla ya kuvalisha nao matenki ya mafuta ya ndege.

"Shoga, kichwa chako kinachemka!" walimsifu.

Leo, katika jaribio la kila mwezi, askari alilipiga risasi tenki la majaribio uani. Siku zote petroli ilichuruzika kidogo tu, mpira mbichi ukainywa, ukavimba, ukaziba tundu. Leo ilimwagika kama mkojo wa ng'ombe, wala haikukoma.

Mnyapara Pilling akalichana tundu kwa kisu, akaubonyeza mpira wa ndani. "Huu umeiva. Mpira ulioiva haunywi mafuta. Nani kaupika?"

Ivy akasogea mbele. "Tuliulaza kwenye bomba, Bwana Pilling. Vidole vilikuwa vinatutoka damu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Mungu wangu, Ivy! Yale matenki yote yameshafungwa kwenye ndege!"

Mara mngurumo ukasikika. Ndege kumi na mbili zilipita chini chini kuelekea pwani, na wanawake wakatoka mbio kuzipungia vitambaa vyao vya kichwa, kama desturi. Rubani wa mwisho akatikisa mabawa kuwajibu.

"Punga basi, Ivy!" wakamtania. "Unaringa nini?"

Ivy hakupunga. Alikuwa anazihesabu, ili jioni ajue ngapi hazikurudi.