Kupita Tu Shambani

Cuthbert wa Liuli alikuwa bingwa wa kuliza watu. Filamu zake tatu za kwanza nilizicheza mimi, mjane katika zote, na akina mama wa Matiri walitoka kwenye kibanda cha video macho yamevimba. Kulia naweza. Maisha yalinifundisha bure, yeye alileta kamera tu.

Ila vibanda vilipozidi pale Mbinga mjini, vikajaa filamu za kupigana, vijana wakaanza kumcheka. "Kaka, kwako watu wanakufa kwa huzuni tu? Hata risasi moja hakuna?" Ndipo akaja kwangu mwezi wa tatu na majambazi watano, polisi wanne, na bunduki moja ya mti iliyopakwa rangi nyeusi.

"Shikamoo Mama Restituta. Tunaomba kupita tu shambani."

"Marahaba. Piteni."

Kwetu, kupita shambani ni kutembea taratibu juu ya matuta. Shamba langu liko mteremkoni, ngolo tupu: mashimo ya mraba yaliyopangana kama sega la nyuki, na kwenye matuta yanayoyazunguka ndiko nilikuwa nimetoka kupanda maharage, chakula cha nyumba yangu cha mwaka mzima. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni. Tuta likivunjika, yanashuka na mbegu, udongo na shamba la jirani wa chini.

Kwa Cuthbert, kupita kulimaanisha polisi kukimbiza majambazi.

Majambazi walikuwa vijana wa hapa, wakakimbia kwa ncha za vidole wasivunje kitu. Mkubwa wao, Raimundi, alimong'onyoa tuta kidogo. Akasimama, akaweka chini gunia la wizi, akainama kulirudishia udongo.

"Kata! Jambazi gani analima?"

"Kaka, shamba la mama mdogo hili."

Steringi, yaani mchezaji mkuu, polisi shujaa aliyeletwa kutoka Songea, alikuwa na buti na koti refu la mtumba. Alitumbukia shimo la kwanza, akatoka, akatumbukia la pili. Jambazi akalazimika kumsubiri.

"Rudia," akasema Cuthbert.

Walirudia mara nne. Nilihesabu matuta arobaini na moja yamelala. Nikashuka, nikamnyang'anya steringi bunduki. Cuthbert akanigeuzia kamera.

"Hapo hapo, Mama. Vizuri sana. Sasa toa machozi."

"Machozi nilikupa filamu tatu. Hii ni hasira, Cuthbert, na haina mwongozaji. Nikija Liuli nikatembea na buti juu ya nyavu za baba yako zilizoanikwa, utaniambia nirudie?"

Akashusha kamera. Mtoto wa ziwani wavu anaujua.

"Sikujua, Mama."

"Hukuuliza. Majembe yako nyuma ya nyumba."

Kwetu, tuta likijengwa, wanaume hukata majani na kuyalaza. Kuyafukia kwa udongo ni kazi ya wanawake. Steringi akadai hiyo haimhusu.

"Wakati wa kuvunja hukuuliza ni kazi ya nani," nikamwambia.

Wakalima, kofia za polisi kichwani, majambazi wakiwaelekeza. Jirani yangu wa chini, Kunigunda, alikuja kuangalia, mikono kiunoni. "Tangu nizaliwe sijaona polisi akimlimia mwananchi," akasema. "Hii ndiyo filamu."

Walipomaliza, Cuthbert akanyoosha mkono. "Bunduki, Mama? Kesho tunapiga risasi kule Kingerikiti."

"Maharage yakiota."

"Mama, bila bunduki hakuna filamu."

"Na bila maharage?"

Siku ya tisa alikuja peke yake, bila kamera. Alinisalimu, akapanda mteremko juu ya matuta, mguu mbele ya mguu, akiinama kila mahali. Kisha akarudi kwangu.

"Yameota, Mama. Isipokuwa tuta moja la chini, kwenye kona."

"Najua. Lile alilofukia steringi."

"Sasa nichukue bunduki?"

Nikaingia ndani. Nikatoka na mbegu kiganja kimoja, nikamwekea mkononi.

"Anza na la kona," nikamwambia.

Akavua viatu.