Njiwa Asiye na Kichwa

Siku ile ya Mungu wamama wote wa kanisa walivaa kikwembe cha namna moja, buluu yenye njiwa weupe. Mbambu peke yake alikaa benchi la nyuma na kikwembe cha soko, sawa mugeni mu nyumba yake mwenyewe. Cha kanisa kilipotea Ijumaa kwenye kamba ya kuanika, wakati mvua ilimukuta ndani akiomba. Alipotoka, kamba ilikuwa tupu. Hakuuliza mutu. Mwenye kutega mutego hapigi kelele.

Mujane halali macho yote mawili. Wenzake waliimba, yeye akasoma migongo yao. Mwizi angepata maficho gani mazuri kuliko haya? Mbuzi mweupe wa kuibwa, umuchanganye na mbuzi weupe. Lakini Mbambu alikuwa na alama yake: kwenye pindo, pasi ya makala ya moto ilitoboa njiwa mumoja kichwa. Wamama walipopiga magoti, akainama chini kama mutu anayetubu.

Njiwa asiye na kichwa alikuwa kwenye kisigino cha Séphora.

Séphora! Mupangaji wake, yule aliyetoka Niania na furushi kichwani, wanaanika kwenye kamba moja. "Nilijua," Mbambu akasema moyoni. "Salamu zake zilizidi utamu."

Ibada ilipoisha, akamushika mukono mbele ya shemasi Zacharie.

"Baba shemasi, mwizi ndiye huyu. Tumupeleke polisi, afungwe, alale kasho."

Séphora akaangalia pindo, uso ukamubadilika. "Mama, nilianika changu pembeni ya chako. Mvua ikakuja, nikavuta kimoja mbiombio. Ningekuwa mwizi, ningekivaa mbele ya macho yako?"

"Ungekivaa wapi kwingine? Si hapa ndipo vinafanana!"

Watu wakacheka. Zacharie akainua mukono. "Mwenye kuchukua cha mwenzake akizani ni chake, huyo si mwizi. Hata polisi watauliza alikuwa na nia gani. Lakini Séphora, kama ulikosea, chako kilibaki kwenye kamba. Kiko wapi?"

Machozi yakamutoka Séphora. "Sijui, Baba. Nilikiacha pale pale."

"Kamba ilikuwa tupu!" Mbambu akasema. Aliona kesi imeisha.

Wakashika njia ya polisi, ile inayopita mbele ya parsele ya nyumba yake. Hapo pikipiki ikasimama, akashuka Gentille, mukamwana wake, aliyeenda Marabo Ijumaa kuuguza mama yake. Mutoto alikuwa mugongoni, amefungwa kikwembe cha buluu. Njiwa wote walikuwa na vichwa.

"Gentille, hiki ulitoa wapi?"

"Si ni chako, mama? Mvua ilinikuta natoka, nikakivuta kwenye kamba nimufunike mutoto. Si unaniambiaka, 'cha kwangu ni chako'?"

Zacharie akakohoa. Séphora akapangusa macho, akauliza:

"Basi, Mama Mbambu, mu kasho kutakuwa nafasi ya mukwe na mukamwana wake?"

"Gentille alizani ni changu," Mbambu akasema, sauti ndogo.

"Na miye nilizani ni changu."

Mbambu akamufungua mutoto, akakung'uta kikwembe, akamupa Séphora kwa mikono miwili. "Unisamehe, binti yangu."

Kesho yake vikwembe vyote viwili vilikuwa tena kwenye kamba, vimefuliwa. Mbambu akaleta sindano na uzi mwekundu, akashona alama kwenye pindo la cha Séphora. Kisha akavuta kiti, akakaa hapo mpaka vikauke.