Chafya Mia Nne

Jumatatu saa mbili asubuhi Bibi Mizani alivua viatu chini ya meza, akafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa chake cha mkononi, akaanza kuhesabu mioyo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi, na kazi yake ilikuwa kuwapima washawishi wa mitandaoni. Mtu akilipwa na kampuni kusifia mafuta, godoro au sabuni, Bibi Mizani huangalia wangapi wametazama, wangapi wamebonyeza moyo, wangapi wamewatumia wenzao, akajaza safu zake. Jina alitoka nalo kliniki. Huko alipima watoto wachanga miaka ishirini na sita, na hakumwongezea hata mmoja gramu ya kumfurahisha mama yake.

Wiki hiyo alimpima msichana aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Tausi, mwenye wafuasi laki sita na ushee, aliyekuwa akiitangaza sabuni ya kufulia ya Povulina. Tausi alikuwa mtoto wa kaka yake. Ofisini walilijua hilo wakasema si neno, kompyuta haina ndugu.

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini. Tausi anapita katikati ya mashuka meupe yaliyoanikwa, analivuta moja, analikumbatia kama mtu aliyerudi safari, anasema, "Povulina, ng'aa kama ndoto." Watu milioni mbili walikuwa wameitazama. Meneja, kijana mpole mwenye tabia ya kutafuna kalamu, alikuwa ameshamweleza Bibi Mizani kinachosubiriwa. Vipimo vikiwa vizuri, kampuni ya sabuni itamwongezea Tausi mkataba wa mwaka mzima na kuukodi ule uwanja wenye mashuka, iuzungushie mabati, pawe mahali pake pa kupigia picha. Vikiwa vibaya, kila mtu atarudi kwao na uwanja utabaki kama ulivyo.

Uwanja ulivyo ni hivi: uko nyuma ya nyumba sita, una bomba moja na kamba tisa, na kamba zote ni za mama mmoja anayefulia watu nguo. Wanamwita Mama Kamba.

Bibi Mizani aliziangalia tarakimu akaona kitu hakikai sawa. Wafuasi wa Tausi walitapakaa hadi nchi ambazo Povulina haijawahi kufika, lakini maduka yaliyoimaliza sabuni hiyo yalikuwa yote kwenye mitaa minne, upande mmoja wa mji. Akazitazama zile milioni mbili kama alivyokuwa akimtazama mtoto mnene asiyenyonya. Kisha akavaa viatu, akachukua daftari na kopo la pilipili manga iliyosagwa, akatoka.

Kliniki ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akishawishika kweli, chafya yake hutoka kwa sauti ya aliyemshawishi. Mama aliyeambiwa na jirani ampe mtoto maji ya sukari angekaa kwenye benchi ametulia, hasemi kitu, halafu anapiga chafya kwa sauti ya jirani, "Mpe maji ya sukari," na Bibi Mizani akajua ni mlango gani wa kwenda kugonga. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Watu hupiga miayo, hujikwaa, na hupiga chafya kwa sauti za watu.

Akasimama nje ya duka la kwanza. Kila aliyetoka na pakiti ya Povulina, Bibi Mizani alimsalimu vizuri, akamwambia, "Samahani, naomba chafya yako moja ya kikazi," akamtikisia kopo chini ya pua.

Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli, mtu wa miraba minne mwenye ndevu mpaka kifuani. Akakunja uso, akafumba macho, ikamtoka sauti ya mwanamke, nzito na ya mkwaruzo kama mlango usiotiwa mafuta.

"Povulina sio mbaya."

"Asante," alisema Bibi Mizani, akaandika.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, baba. Kazi njema."

Mwalimu wa hesabu alichafya hivyo hivyo. Dereva wa lori hivyo hivyo, mara mbili, maana alikuwa na mafua. Mwenye duka mwenyewe alitoka kuuliza kwa nini mlangoni pake kuna vumbi la pilipili, na kabla hajamaliza swali akasema kwa ile sauti ya mkwaruzo kwamba Povulina sio mbaya, akajipangusa, akauliza upya kuanzia mwanzo. Hapakuwa na aliyetaja kung'aa, wala ndoto.

Siku tisa Bibi Mizani alizunguka mitaa ile minne na kopo lake. Akapata chafya mia nne. Mia tatu sabini na moja zilikuwa za sauti ile moja. Ishirini na mbili zilikuwa chafya kavu, za watu waliochukua Povulina kwa sababu ile nyingine ilikuwa imekwisha. Sita zilikuwa za mama zao wazazi. Na moja ndiyo iliyotoka kwa sauti nyororo ya Tausi, "ng'aa kama ndoto," na aliyeipiga alikuwa baba yake Tausi, ambaye ana pakiti kumi na nne chini ya kitanda na hajawahi kufua hata leso.

Sauti ile ya mkwaruzo hakuhitaji kuulizia ni ya nani; mitaa yote minne ilimjua Mama Kamba. Siku ya kumi alikwenda uwanjani.

Mama Kamba alikuwa anakamua suruali ya jinzi, ameikanyagia ncha moja, anaisokota ile nyingine. Bibi Mizani akaingiza mikono kwenye beseni kumsaidia, wakaongea huku wakisuuza. Mama Kamba hakukana. Alisema kila akimrudishia mtu nguo zake, mtu huzinusa, na akishazinusa huuliza umefulia nini, na yeye hujibu alichofulia. Zaidi ya hapo hana la kusema. Haiachi mikono imepasuka, lakini harufu yake ni ya dukani mno. Sio mbaya.

Habari za mabati alikuwa nazo. Mwenye uwanja alishapita, akamwambia ajiandae kisaikolojia.

"Sasa nimejiandaa," alisema, "lakini kamba bado hazijajiandaa." Akatua beseni. "Haya mwenzangu, kitendawili."

"Tega."

"Nina askari wengi, kazi yao kuuma, na wanaoumwa hawalii."

Bibi Mizani alifikiri meno, akafikiri siafu, akafikiri watu wa kodi. Akili yake ilikuwa kwenye mia tatu sabini na moja. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji niupeleke wapi?" alisema Mama Kamba. "Nipe uwanja."

Akachomoa vibanio vitatu vya nguo mfukoni, akambana navyo mkono wa gauni ili ajue jibu.

Jioni hiyo Tausi alikuja kwa shangazi yake bila simu mkononi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu amalize shule. Akaosha vyombo bila kuambiwa. Akafagia hata palipofagiwa. Halafu akakaa kwenye kigoda, akasema amesikia kuna mambo ya chafya.

"Yapo," alisema shangazi.

"Na mimi nina ngapi?"

"Moja. Ya baba yako."

Tausi akacheka kwa kujikaza, kisha akaacha. Akaomba angalau mia moja. Akasema mia moja si wizi, ni heshima ya ukoo. Shangazi akamkumbusha watoto wa kliniki na gramu zao.

"Shangazi, mimi si mtoto wa kliniki. Mimi ni wa kaka yako."

"Wewe nilikupima pia. Ulikuwa kilo mbili na nusu, na mama yako alitaka tatu."

Kwa kuwa kopo lilikuwa hapo mezani, Bibi Mizani akalitikisa kidogo, kwa ajili ya ukamilifu. Tausi akavuta pumzi, akafunika uso kwa kucha zake ndefu, ikatoka sauti ya Mama Kamba: "Povulina sio mbaya."

Maji yalikuwa yanachemka jikoni.

"Ndiye aliyenifulia yale mashuka," alisema Tausi, anajipangusa pua. "Waliponiletea mkataba nilimuuliza yeye kwanza. Akaniambia sio mbaya. Nikasaini."

"Na uwanja?"

"Atapata kwingine, shangazi. Kamba ni kamba." Lakini alilisema anaangalia sakafu, na alipoondoka alisahau kuaga.

Kikao kilifanyika Ijumaa. Kampuni ya sabuni ilimleta mwakilishi wake, mama nadhifu mwenye miwani mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kuangalia watu. Bibi Mizani akasoma ripoti yake yote, na pale kwenye mia tatu sabini na moja akasoma mara mbili. Akapendekeza mkataba apewe mwenye sauti yake, na uwanja uachwe.

Hakuna aliyebisha. Mwakilishi alisema kazi imefanyika kitaalamu kabisa. Meneja aliomba kopo ajaribu mwenyewe, akachafya Mama Kamba, akasema ndiyo, amekuwa akiitumia kwa mashati.

Basi wakafungua fomu kwenye kompyuta ili wamwingize Mama Kamba. Fomu ikauliza jina la akaunti. Bibi Mizani akasema hana, ana simu ya tochi. Wakaacha wazi, fomu ikakataa. Wakaandika sifuri kwenye wafuasi, fomu ikakataa kwa rangi nyekundu. Meneja akaandika "Mama Kamba" kila mahali palipokuwa na nafasi, na fomu ikajibu kwamba mtu huyo hayupo.

"Tusimlazimishe," alisema mwakilishi kwa upole, akabadilisha miwani. "Hiyo sauti mmeikuta wapi?"

"Uwanjani," alisema Bibi Mizani.

"Na video yetu imepigwa wapi?"

"Uwanjani."

"Basi sauti ni ya mandhari. Na mandhari tumeshayalipia, pamoja na mashuka."

Meneja akazivuta zile mia tatu sabini na moja kwa kidole, taratibu, kutoka chini kuzipeleka kwenye safu ya Tausi. Zikakaa. Fomu ikageuka kijani. Pamoja na ile ya baba yake, Tausi alikuwa na asilimia tisini na tatu, kipimo ambacho ofisi ile haikuwahi kukiona. Bibi Mizani alikataa kutia sahihi. Wakamwambia asisumbuke, siku hizi fomu hujitia yenyewe.

Mwezi uliofuata mabati yalipigwa, marefu, ya buluu. Tausi alipewa kiti chenye jina lake na mtu wa kumshikia mwavuli. Sura yake ikachapwa kwenye pakiti mpya, na chini ya sura hiyo maneno makubwa, SIO MBAYA, ambayo kampuni iliyasajili yawe mali yake. Mama Kamba akaletewa barua. Alikuwa hasomi herufi ndogo, akamtafuta Bibi Mizani amsomee.

"Wanasemaje?"

"Wanasema usiyaseme tena yale maneno yako bila idhini."

Mama Kamba akafikiri. "Waambie nimesikia. Na hao wanaoyachafya?"

"Hao hawajatajwa."

"Haya."

Akang'oa kamba zake tisa, akazifunga upya ukingoni mwa barabara ya malori, kati ya nguzo na nguzo, maana hapakuwa na kwingine. Lori likipita, vumbi jekundu linapanda, linasimama kidogo hewani kama linalochagua, kisha linatua kwenye mashuka. Nguo za asubuhi zikawa zinafuliwa tena mchana, na za mchana jioni. Mikono yake ikaanza kupasuka. Kwa kila pakiti moja ya zamani sasa zilikwenda mbili, na nyumba zote za mtaa ule wa barabarani, ambazo nazo ziliingiwa na vumbi madirishani, zikafanya vivyo hivyo.

Maduka ya mitaa minne yaliuza maradufu. Kwenye kompyuta mstari wa Tausi ulipanda mpaka ukagusa ukingo wa juu wa kioo, na ofisi ikanunua keki.

Bibi Mizani hakuila. Alikwenda barabarani na daftari lake, akakaa kwenye jiwe kutwa nzima, akahesabu malori, akahesabu mashuka, akahesabu pakiti tupu kwenye beseni la Mama Kamba. Akarudi, akajaza fomu ya mwezi. Mahali palipoandikwa "Aliyeshawishi" hakuweka jina la mtoto wa kaka yake. Aliandika: vumbi.

Safari hii fomu haikukataa. Ilikaa siku tatu kwenye makao makuu ya kampuni ya sabuni, ikarudi na mihuri miwili na maelezo mafupi ya mwakilishi. Wamefurahishwa sana. Wanaomba wajue vumbi hilo lina wafuasi wangapi, na kama lingekubali kuvaa fulana.