Dawa Iko Goma, Darius Yuko Masisi

Annonciata aliteremka Goma kwa miguu kutoka milima ya Masisi, mwaka ule vita vilipokaribia mji wa Sake. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na mtu pekee aliyejua ni mumewe, Darius.

"Tangulia ukatafute daktari," Darius alimwambia. "Mie nabaki na ng'ombe. Hali ikitulia nitakufuata."

Hali haikutulia. Barabara ilifungwa nyuma yake, mnara wa simu kule kwao ukapigwa, na sauti ya Darius ikapotea.

Alifikia kwa mdogo wake Olive, aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yake ya mbao kule Mabanga, mtaa mmoja wa Goma. Hospitali walimpima, wakasema ni kansa, wakamkata ule uvimbe. Kisha daktari akaeleza kwamba bado kuna dawa ya kutundikwa mshipani, kwa miezi mingi. Alipotaja bei, Olive aliinamisha kichwa. Hata wangeuza nyumba na makala yote isingetosha.

"Basi," alisema Annonciata. "Nangoja barabara ifunguke, nirudi kwangu."

Olive hakubishana naye. Alikuwa amemwona dada yake anavyoamka asubuhi, anatega sikio kana kwamba ndama watalia nyuma ya ukuta, halafu anakumbuka yuko wapi. Siku iliyofuata alirudi hospitalini peke yake, akauliza kila mlango kama kuna msaada kwa mgonjwa asiye na kitu. Wakampeleka kwa mama Julie, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia wagonjwa njia. Naye akasema, "Mulete mwenyewe."

Annonciata alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kuna shirika kule Himbi linawalipia wakimbizi hii dawa," Julie alisema. "Iko bure, mama. Lakini lazima tuombe."

"Kwetu mutu akipita njiani, mie ndo namupa maziwa," Annonciata alijibu polepole. "Sijaomba kitu kwa mutu."

"Na hao uliowapa, uliwazarau?"

"Hapana. Walikuwa na kiu."

"Basi na wewe uko mugonjwa. Twende."

Himbi waliwarudisha mara ya kwanza: dawa zilikuwa zimekwama mpakani. Julie akapiga simu, akaenda mwenyewe, akapiga tena. Huku wanangoja, akina mama wa parokia walimchangia pesa ya pikipiki na unga wa uji. Hatimaye dawa ikafika, Annonciata akatundikiwa. Nywele zilidondoka. Chakula kikawa na ladha ya chuma. Mwili ukamwuma hadi kwenye kucha. Lakini kilichomshinda hasa ni upande wa pili wa kitanda, ule aliokuwa akilala Darius; hata kwenye mkeka mwembamba wa Olive bado aliuacha wazi.

Siku moja habari ikaenea Mabanga kwamba barabara imefunguka. Majirani waliotoka Masisi walifunga mizigo. Annonciata naye akafunga, kisha akaenda kwa Julie.

"Nipe dawa nitembee nayo."

"Haiwezekani, mama. Kule nani atakutundikia? Nani atakupima damu? Ukikatisha, ile kitu itarudi."

"Mume wangu yuko kule."

"Najua," Julie akasema.

Majirani walipoondoka, Annonciata alisimama pembeni na mzigo wake kichwani. Hakupanda lori lao. "Mukimukuta Darius," alipaza sauti, "mumwambie niko hai! Mumwambie dawa ndo imenishika huku!" Lori likapotea kwenye vumbi jeusi. Siku chache baadaye barabara ikafungwa tena.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye makala badala ya Olive, kitambaa kichwani, uso umekwisha. Mwanaume mwembamba, viatu vimetatuka, akasimama mbele yake.

"Jambo, mama. Namutafuta Olive mwenye kuuza makala. Nasikia bibi yangu Annonciata yuko kwake."

Annonciata alivua kitambaa.

"Darius," akasema.

Darius alikiangalia kile kichwa kitupu muda mrefu. Kisha akachuchumaa palepale kwenye vumbi la makala, akakishika kwa mikono yote miwili. Majirani walikuwa wamemfikishia ujumbe. Alikuwa ameteremka milima hadi Minova kando ya ziwa, akapanda mtumbwi hadi Kituku, ufukwe wa Goma. Alimkatia kipande cha jibini ya kwao. Annonciata alitafuna bila kusikia ladha yoyote, akasema, "Ni tamu," na akamaliza chote.

Darius hakuweza kukaa. Ng'ombe alikuwa amemwachia jirani, na kule jirani naye anaweza kukimbia wakati wowote. Annonciata alimsindikiza Kituku, akabaki ufukweni kati ya wauza samaki hadi mtumbwi ukawa nukta, hadi ukawa maji tu.

Alimaliza dawa. Daktari alisema haoni tena kitu, ila asiondoke mjini, arudi kupimwa mara kwa mara, na vipimo hivyo pia Himbi wanalipia. Nywele zimeota, za mvi sasa. Barabara bado imefungwa. Mnara wa simu umesimamishwa upya, na Jumapili Darius hupiga. Humweleza ndama gani amezaliwa na ana rangi gani. Annonciata huuliza tena rangi ile ile, asikie tu anavyoitamka.