Ipo Dukani, Imebaki Moja

Jumamosi asubuhi Phylis alikuwa anamnyoa mumewe ndevu, sabuni imejaa kidevuni, simu ilipolia ndani ya mfuko wa aproni. Ujumbe ulitoka kwa lile duka kubwa la kando ya barabara ya Namanga, lile lenye mlango unaojifungua wenyewe ukiusogelea. Ulisema mashine ya oksijeni aliyoilipia ipo, iko tayari, aje na kitambulisho kwenye kaunta ya kuchukulia mizigo.

"Wameita?" Munguti akauliza. Pumzi yake haikutosha swali refu kuliko hilo.

"Wameita."

Munguti alikuwa amechonga mawe machimboni tangu ujana wake, na vumbi la mawe hayo lilikuwa limekaa kifuani mwake kama mpangaji asiyelipa na asiyehama. Daktari alisema ataishi, mradi avute hewa ya mashine mchana na usiku. Mashine aliyokuwa akiivuta ilikuwa ya kukodi. Mwenyewe ni Githongo, mzee wa kukodisha hema na viti vya matanga, aliyebaki na mashine hiyo baada ya mkewe kufariki. Githongo alikuwa ameshasema: Jumapili anaichukua, inakwenda Kajiado mjini, kuna msichana mgonjwa huko.

"Lakini kama yenu itakuwa haijafika, mniambie," alisema. "Wa Kajiado tutawatafutia njia nyingine. Mimi si mnyama."

Yao ilikuwa imenunuliwa na kikundi cha akina mama wa kanisa. Waliitafuta kwenye simu ya Selpha, mwenyekiti wao, na chini ya picha pakaandikwa: Ipo dukani, imebaki moja. Selpha akabonyeza kwa kidole gumba, haraka, kabla mtu wa Athi River hajaiwahi.

Phylis akamfuta Munguti sabuni, nusu ya uso ikiwa haijanyolewa, akaenda.

Kaunta ilikuwa imejaa watu. Mbele yake alikuwa Kivuva, mfugaji wa mbuzi kutoka upande wa Isinya, anakabidhiwa tenki la maji ambalo halikuwapo. Vijana wa stoo walilibingirisha polepole, mikono wameitanua, wakahesabu pamoja na kulipandisha kwenye pikapu. Pikapu ikakaa chini kwa uzito. Kivuva akazungusha kamba, kamba ikabaki angani imejiviringa duara, imekaza. Akaivuta kidogo, akaona haichezi, akawasha gari.

"Mashine ya oksijeni," Phylis akamwambia msichana wa kaunta, aliyeandikwa Celine kifuani.

Celine akaangalia kompyuta. "Sistimu inasema iko, mama."

"Hata mimi niliambiwa iko, ndiyo maana nimekuja. Iko wapi?"

"Iko hapa Kitengela."

"Hapa wapi?"

Celine akaenda nyuma, akakaa sana, akarudi na vumbi magotini. "Ngoja nikuitie meneja."

Meneja aliitwa Kimani. Alikuwa kijana mwenye tai safi na sauti ya kubembeleza wagonjwa.

"Habari ya asubuhi, mama. Mashine yako iko. Sasa mimi nikikuambia haiko, na sistimu inasema iko, si nitakuwa nakudanganya?"

"Basi nirudishie pesa ya watu."

"Pesa inarudi kama mashine haiko. Na iko."

Wakati huo kijana wa stoo alikuwa ameshatokea na toroli. Juu ya toroli hapakuwa na kitu, na magurudumu yalikuwa yanalia kama ya toroli iliyobeba saruji. Phylis akanyoosha mkono. Hapakuwa na cha kuona, lakini mkono ulipofika usawa wa goti ulikataa kushuka. Palikuwa na baridi kidogo, kama bati la asubuhi. Nyuma yake mtu akasema, "Mama, weka sahihi, tuko wengi." Phylis akaweka sahihi.

Mlangoni mlinzi akamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa, mama," naye akaitikia, "Epa." Mlinzi akasoma risiti, akaangalia toroli, akainama kuangalia chini ya toroli asije akawa ameficha kitu kingine, akapiga muhuri. Halafu akamwambia afungue mkoba.

Omolo wa tuktuk alimsaidia kupakia. "Huu mzigo utaniongezea kidogo, mama. Kiti chote kimeisha." Phylis alitaka kubishana, lakini alipojaribu kukaa nyuma hapakuwa na nafasi. Akakaa mbele, nusu ya tako nje, mpaka nyumbani.

Waliiweka kando ya kitanda, karibu na ile ya Githongo. Waya wake haukuonekana. Phylis akaupapasa sakafuni, akausukuma kwenye soketi, na taa ya mita ukutani ikaanza kupepesa haraka. Mashine ikanguruma, ngurumo ya chini, nzuri, ya kitu kipya. Paka akanusa hewa, akaruka, akalala juu yake.

Munguti akajitoa mirija ya Githongo puani, akasogeza uso pale Phylis alipomwonyesha kwa kidole. Akavuta. Akavuta tena. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya wino.

"Iko aje?" Phylis akauliza.

"Kama mshahara wetu wa mwisho kule machimboni," Munguti akasema, kidogo kidogo. "Karatasi ilisema... tumelipwa."

Akacheka, na kicheko kilimgharimu, ikabidi Phylis amrudishie mirija ya Githongo upesi. Kisha akapiga ile namba ya malalamiko. Sauti ya mwanamke ikampongeza kwa kupokea mzigo wake, ikamwomba alipatie duka nyota.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikuja. Kikundi hicho hakitoi kitu halafu kikakaa nyumbani. Lazima kiende kikione. Ng'ombe waliyemnunulia mjane walikwenda kumshika pembe. Mabati waliyomwezekea mzee mmoja walikwenda kukaa chini yake mvua ikinyesha, kusudi wayasikie. Na kila kitu chao hufunikwa kitambaa, ambacho Selpha hukifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni, hata kama kitu chenyewe ni tenki.

Waliingia na sukari na unga, wakaimba, wakajaza chumba mpaka dirishani. Selpha akamsogeza paka, akakikunjua kitambaa na kukitandaza. Kitambaa kikakaa hewani, usawa wa goti, kimenyooka juu na kimeshuka vizuri kwenye pembe zote nne.

"Ai, kimetoshea!" mmoja akasema.

"Na hakupima. Huyu mama ana macho ya fundi."

"Na inavyonguruma! Kama friji ya matajiri."

"Mama Masila, hata husemi kitu?" Selpha akamgeukia Phylis, anatabasamu. "Furaha imekufunga mdomo?"

"Selpha, haitoi hewa."

"Kitu kipya usikinenee mabaya siku ya kwanza. Hata bibi harusi hapiki vizuri wiki ile ya kwanza. Si ndiyo, mzee?"

Munguti akainua kidole gumba. Alikuwa mtu wa adabu, na hawa walikuwa wamemchangia.

Wakaomba. Wakajipanga, wakapigwa picha wakiwa wamekizunguka kitambaa, Munguti katikati na nusu ya ndevu zake. Picha ikaenda kwenye kundi lao la simu, na Selpha, kwa kuwa ni mtu wa shukrani, akaituma na kwenye ukurasa wa duka: Mungu awabariki, tumeiona kwa macho yetu.

Walikuwa kwenye chai Githongo alipobisha. Alivua kofia, akasalimia kila mtu kwa mkono, akafika kitandani. Akaona kitambaa kinavyoning'inia. Akasikia ngurumo. Akatazama mita inavyokula stima.

"Naona mko sawa," akasema. "Nimefurahi sana. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwaacha na hii yangu, niwapigie wa Kajiado niwaambie wavumilie."

Kikombe cha Phylis kilikuwa mkononi. Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia: Selpha, ambaye aliuza kuku wake wote kwa ajili ya mchango huu, mama wa mahindi choma, yule aliyetoa pesa ya viatu vya mtoto. Phylis akakiweka kikombe chini.

"Mzee Githongo, hii haiko."

Mtu akakohoa. Selpha akaangalia mikono yake.

"Haiko," Githongo akasema kwa upole, "na imefunikwa?"

Wakacheka, bila ubaya, kama watu waliokuwa wanatafuta mahali pa kutokea. Phylis hakucheka. Alikifunua kitambaa, akaonyesha sakafu, zulia lililobonyea chini ya kitu kisichokuwapo. Githongo akainama, akaangalia alama za magurudumu ya mashine kwenye zulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzito, eh? Zetu za zamani hazina uzito kama huu. Mama, sikulaumu. Mtu akizoea mashine inakuwa ngumu kuiachilia. Mimi mwenyewe sikuweza kuizima yangu mpaka siku tatu baada ya matanga. Lakini yule wa Kajiado ni msichana mdogo, na mamake amenipigia simu tangu asubuhi."

Phylis alikuwa na maneno mengi mdomoni. Angeweza kuing'ang'ania mashine ya Githongo, angeweza kulala juu yake. Lakini mahali fulani Kajiado mwanamke mwingine alikuwa ameshika simu kama alivyoshika yeye kikombe, na kati yao wawili mashine ilikuwa moja.

Ni Munguti aliyemaliza maneno. Alijitoa mirija, akaipangusa kwa shati lake, akaikunja vizuri.

"Mpatie," akasema.

Jioni ile Phylis alikaa kitandani nyuma ya mumewe, amemwegemeza kifuani kwake, dirisha wazi, kila pumzi wakiivuta wote wawili kama watu wanaovuta kamba ya kisima. Mashine iliendelea kunguruma.

"Zima hiyo kitu," Munguti akamwambia. "Inakula stima... bure."

Akaizima. Hakukuwa na tofauti, ila kimya.

Jumatatu, duka lilipofunguliwa, Phylis alikuwa wa kwanza mlangoni. Alimwacha Munguti na Selpha. Kivuva alifika baadaye kidogo na kusimama nyuma yake. Mbuzi wake walikuwa wamelizunguka lile tenki, wanalilamba, na walikuwa hawataki kwenda malishoni wala mtoni. Wawili walikuwa wamelala chini.

"Hiyo ni kuonyesha kwamba lina maji," Kimani akamwambia. "Mbuzi hadanganyiki." Halafu akamgeukia Phylis. "Mama wa mashine! Karibu."

"Mume wangu anakufa," Phylis akasema. "Nirudishie pesa nikanunue penye mashine."

"Pole sana. Mashine umekuja nayo?"

"Haiko."

"Umeiacha nyumbani."

"Kimani, mwanangu. Wewe una mama?"

"Ninaye, mama, na angekuwa ni yeye ningemwambia hivi hivi." Akageuza kioo cha kompyuta. Ilikuwa ile picha, akina mama wote, meno nje, kitambaa katikati. Watu wengi walikuwa wameipenda. "Hapa si ni nyinyi?"

"Ni sisi."

"Mmeiona kwa macho yenu. Mmeandika wenyewe. Sasa mimi nitawaambia nini makao makuu?"

Celine hakuinua uso. Phylis alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, akasema ataondoka pale akiwa na pesa au akiwa amebebwa. Alikuwa bado anasema hivyo simu yake ilipolia. Alikuwa Selpha.

"Rudi, Mama Masila," Selpha akasema, akakata simu.

Walimzika Munguti kwao Mwala. Githongo alileta hema na viti bila malipo, na alipoketi kando ya Phylis alisema kwamba msichana wa Kajiado ameanza kula. Phylis akasema ni vizuri, na alikuwa anamaanisha. Githongo akaongeza kwamba mzee hakuwa na bahati, maana hata mashine mpya ilikuwa imepatikana. Phylis akamwangalia, akamwacha aamini hivyo.

Wiki iliyofuata, mchana, pikapu yenye magunia matupu ya vitunguu ilisimama nje. Akashuka mwanamke ambaye Phylis hakumjua, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Mimi naitwa Waceke, nimetoka Rombo. Samahani kwa msiba." Alikuwa anaongea haraka. "Nimetoka hapo dukani. Nimelipia mashine ya mamangu, simu inasema ipo, imebaki moja. Sistimu yao imekwama, wanasema nisubiri. Mamangu hawezi kusubiri. Msichana wa kaunta amenifuata nje, akaniambia kuna mama ana moja, haitumiki tena."

"Hiyo ndiyo niliyopewa," Phylis akasema. "Haiko."

"Nimeambiwa."

"Haikutoa hewa hata kidogo. Mzee wangu alikufa iko hapo kando yake."

Waceke alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yameshapita mlangoni, yanatafuta chumba.

"Mzee alikuwa ameumia sana," akasema. "Mamangu bado ana nguvu kiasi. Nionyeshe tu, dada yangu. Nimetoka mbali."

Phylis alisimama pale mlangoni. Alitafuta neno ambalo hakulisema kwa Githongo, wala kwa Selpha, wala kwa Kimani, na hakulipata. Akamwonyesha. Waceke akapiga magoti, akapapasa hewa kwa viganja, mpaka viganja vikakataa kwenda mbele. Akaingiza vidole chini. Phylis akashika upande wa pili, kwa sababu mtu hawezi kuibeba peke yake, wakainua pamoja.

"Ni nzito," Waceke akasema, na uso wake wote ukafunguka.